Vifuniko viwili vya chumvi

Kwa miaka ishirini na moja Pélagie Uwamahirwe amepika samaki bila kumwonja hata mara moja, na hapo mtaani kwao Kimanga, mjini Uvira, hakuna aliyewahi kulalamika. Mume wake Bonaventure husema hakuna samaki kama wa nyumbani. Binti yao Chérie, ambaye si mtu wa kusifu chochote, hunyonya mifupa ya kichwa mpaka inabaki myeupe. Pélagie mwenyewe huketi nao mezani akila ugali wake kwa mboga ya lengalenga au maharage, na mgeni akimuuliza samaki ameivaje, hujibu kwamba aulizwe aliyemtia mdomoni.

Si maringo, wala si katazo la kanisa. Alizaliwa Bijombo, juu milimani kwenye baridi, katika nyumba ya ng'ombe, na huko samaki hakuwa chakula. Bibi yake alikuwa akisema harufu ya samaki ikiingia ndani, maziwa yanajua. Pélagie hakumbuki kama aliwahi kuyaamini maneno hayo. Anachojua ni kwamba koo lake liliyaamini, na koo halisikii hoja.

Aliposhuka Uvira kuolewa, akiwa na diploma yake ya sekondari na sweta nene aliyolazimika kuivua kabla gari halijafika mjini, Bonaventure alimletea mukeke wawili, samaki wa Ziwa Tanganyika, katika wiki ya kwanza. Yeye ni mtu wa Luberizi, mtoto wa mashamba ya mpunga, na samaki kwake ni kitu cha kila siku. Pélagie aliwatazama wale samaki muda mrefu. Mwishowe akakata vichwa vyote viwili, akamtupia paka.

Ng'ambo ya ua jirani yake alikuwa akianua nguo. Huyo ndiye Félicité, mke wa mvuvi Ildephonse Nkeshimana, mama aliyekwisha kulea watoto wanne wakati huo, na mtaani wote walimwita Mama Emery kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alimwita mumewe aje aone. Kisha akaweka nguo chini, akazunguka, akaingia jikoni kwa bibi harusi bila hodi na kumnyang'anya kisu. Alimweleza kwamba kichwa ni cha mwenye nyumba, kwamba chini ya jicho kuna shavu ambalo ndilo tamu kuliko samaki mzima, na kwamba paka wa Uvira amezoea kungojea mifupa, asije akaharibiwa tabia.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Na kwa kuwa mwanafunzi hakukubali kuonja, mwalimu ilimbidi atafute njia nyingine, kama anayemfundisha mtu asiyeona. Chumvi ilipimwa kwa kifuniko cha chupa ya soda: vifuniko viwili kwa mukeke mmoja, vya kusawazishwa, visiwe na kilima. Limau nusu. Michanjo mitatu kila ubavu. Chini ya sufuria kubwa vipangwe vikokoto vya ziwani, samaki akae juu yake katika sinia dogo, kisha kifuniko, na makala, makaa ya moto, yawekwe chini na juu ili aokwe pande zote. Ameiva jicho likiwa jeupe kama punje ya haragwe, na pezi la mgongoni likivutwa kwa vidole viwili litoke bila ubishi.

Pélagie aliandika yote katika kaye, daftari la shule, kwa namba, mstari kwa mstari. Yeye ni sekretari wa shule ya sekondari, na huamini kilichoandikwa. Kaye hiyo leo imekuwa na rangi ya mawese, lakini ukurasa wa kwanza bado unasomeka, na hata sasa hapiki mukeke kabla hajaufungua na kuuweka dirishani na kijiko juu yake. Ulimi wake hauwezi kumsaidia, kwa hiyo anasaidiwa na karatasi. Hatua ya mwisho haikuandikwa kwa sababu haikuhitaji kuandikwa: kumwita Bonaventure au Chérie aonje mchuzi.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, Ildephonse alikufa, kwa ugonjwa mfupi, kitandani kwake, yeye aliyelala ziwani nusu ya maisha. Watu walijaa, wakakaa, wakaondoka. Félicité akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu, na akaacha kula. Hakutangaza. Asubuhi alikunywa chai na kipande cha mkate, jioni chai bila mkate. Ukimpelekea sahani, alishukuru, akaifunika, na kesho yake kuku walikuwa wakishughulika. Mkanda wa kitenge chake ulizunguka kiuno mara moja na nusu. Alisema kinywa kimelala, kitaamka chenyewe.

Emery, aliye na kazi Bujumbura, alimpigia Pélagie simu. Alisema anakuja Jumamosi, na kama mama bado anaishi kwa chai, atafunga nyumba na kuondoka naye. Hakusema kwa ukali. Ndivyo mtoto yeyote angesema. Félicité naye alilijua jambo hilo. Alilitaja uani kwa sauti nyepesi, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba nyumba ya Emery iko juu kabisa kwenye kilima, pazuri sana, ila ukiwa kule husikii maji.

Pélagie alilala na neno hilo. Jumapili baada ya ibada alimuuliza jirani yake kama kuna chakula chochote duniani ambacho angekila. Félicité alifikiri muda mrefu, kwa heshima ya swali.

"Labda mukeke," alisema. "Ile ya mu sufuria, ya moto juu na chini. Ile, labda."

Basi ikawa ni mukeke. Ila wiki yenyewe ilikuwa ya mbalamwezi. Wavuvi wa hapa huvua kwa taa, samaki hufuata mwanga, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, mitumbwi hulala pwani na wanaume hushona nyavu. Jumatatu hapakuwa na mukeke. Jumanne hapakuwa. Kwa kawaida Pélagie hununua samaki jioni akitoka kazini, kwa kina mama wanaopita na mabeseni, lakini siku kama hizi jioni mabeseni hubaki na magamba tu. Jumatano aliamka gizani, akapanda pikipiki mpaka bandari ya Kalundu, akajipenyeza katikati ya wanawake kumi na wawili waliozunguka beseni moja, akatoka na mukeke mmoja mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kidole.

Alipofika nyumbani ilikuwa karibu saa kumi na mbili unusu. Umeme ulikuwa umekwenda tangu Jumatatu, na friji ilikuwa kabati tu. Samaki mbichi asingefika jioni. Kwa hiyo alimpasua palepale, akamsafisha, akamchanja mitatu mitatu, akamtia chumvi vifuniko viwili na kumkamulia limau, huku simu imebanwa kati ya sikio na bega, kwa sababu Bonaventure alikuwa akipiga kutoka Luberizi. Maji yameingia shamba la mpunga kabla ya wakati, alisema, na je, buti zake ziko wapi. Pélagie alimwambia ziko palepale alipozivua. Alifunika beseni kwa sahani, akaweka jiwe juu kwa ajili ya paka, mjukuu wa yule paka wa kwanza, akanawa mikono, akaenda kazini.

Siku hiyo shuleni ilikuwa ya mwisho kabla ya kugawa buletini za matokeo. Saa nne prefe, mkuu wa shule, aligundua kwamba katika darasa la nne majina mawili yamebadilishana pointi, kosa la mwalimu, si la sekretari, na rundo zima likarudi mezani kwa Pélagie. Aliliandika upya. Kila jina alilisoma mara tatu, kama alivyofanya miaka yote, na prefe akasema mbele ya walimu kwamba laiti kila mtu angekuwa na jicho la Mama Chérie, shule isingehitaji kifutio. Mchana alikula andazi moja akiwa amesimama.

Saa kumi na moja na robo alirudi. Chérie alikuwa ameacha karatasi mlangoni: yuko kwenye mazoezi ya kwaya, atarudi saa mbili, na sketi yake ya shule haijapigwa pasi. Pélagie aliwasha mbabula, jiko lake la makala, akajaza pasi makala hayohayo, akachemsha maji ya ugali, akachambua lengalenga. Prefe alipiga simu kuuliza ufunguo wa kabati uko wapi. Uko palepale.

Kisha akafungua kaye kwenye ukurasa wa kwanza, akaiweka dirishani, kijiko juu.

Aliondoa jiwe na sahani. Samaki alikuwa amekaza vizuri, na chini ya beseni palikuwa na maji kidogo, akayamwaga. Mstari wa kwanza: safisha. Tayari. Mstari wa pili: chanja. Tayari. Mstari wa tatu: chumvi, vifuniko viwili, vya kusawazishwa. Alichukua kifuniko, akakijaza, akakisawazisha kwa mgongo wa kisu, akapaka ubavu huu na ubavu ule. Akajaza cha pili, akakisawazisha, akatia tumboni. Mstari wa nne: nyanya, majani ya kitunguu. Mstari wa tano: mawese kijiko kimoja. Alipanga vikokoto, akaweka sinia, akafunika, akapanga makala juu ya kifuniko moja moja kwa koleo, kama anayepanga sahani za mgeni.

Dakika arobaini baadaye jicho la samaki lilikuwa jeupe kama haragwe. Alivuta pezi kwa vidole viwili, likatoka bila ubishi. Alisimama kidogo akiwa na kijiko cha mchuzi mkononi, akatazama mlangoni. Hakuna aliyekuwapo wa kuonja. Akaukunja mdomo, akarudisha mchuzi ndani. Kaye ilisema ameiva, basi ameiva.

Saa moja na nusu alivuka ua na sinia, sahani moja ya samaki mzima, ugali umefunikwa kwa kitambaa, na bakuli lake mwenyewe la lengalenga. Félicité alikuwa kwenye kiti chake kifupi, kikombe cha chai pembeni, taa ya betri imening'inia msumarini. Aliisikia harufu kabla sahani haijafunuliwa, Pélagie aliona hilo katika uso wake, jinsi kidevu kilivyoinuka.

"Umeniletea yote? Minye niko peke yangu."

Pélagie alimwambia ale anachoweza, kingine paka atasaidia. Alimnawisha mikono. Félicité aliinama juu ya samaki, akakagua michanjo, akahesabu, akagusa jicho kwa ncha ya kidole, akasema kwa kumtazama tu ameiva. Kisha mkono ukarudi mapajani na kukaa huko.

Pélagie hakumhimiza. Alianza kula lengalenga lake, akasimulia habari za prefe na majina yaliyobadilishana, akasimulia habari za buti. Wakati mwingine watu hula wakisahau kwamba wanatazamwa. Alitazama ukutani, akatazama taa, akatazama kila kitu isipokuwa ule mkono. Alifikiri juu ya Jumamosi. Alifikiri juu ya ua usiokuwa na mtu ng'ambo yake.

Mkono ukatoka. Félicité alibandua kipande cha mgongoni, kikubwa kiasi, akakitia mdomoni. Akatafuna mara moja, ya pili, akaacha kutafuna. Akafumba macho. Aliweka kiganja juu ya mdomo, akainama, na mabega yakaanza kutikisika, na Pélagie akaweka bakuli chini akijua kwamba ameharibu, kwamba samaki huyo amemfufulia mtu marehemu wake na sasa hatakula tena kamwe.

Félicité aliinua uso. Machozi yalikuwapo kweli, lakini alikuwa anacheka.

"Mama Chérie," alisema alipopata pumzi, "hii mukeke yako ilienda kuoga mu bahari kwanza, njo ikarudi kwetu?"

Pélagie hakuelewa. Alisema ametia vifuniko viwili, kama ilivyoandikwa, tena amevisawazisha kwa kisu.

"Minye nilikufundisha viwili. Weye onja, uniambie kama hivi ni viwili."

"Unajua minye sikulake samaki."

"Najua. Miaka makumi mbili na moja najua, na sijakuombaka kitu. Leo nakuomba."

Aliposema hivyo alikuwa tayari anafanya jambo ambalo Pélagie alikuwa amelitazama jioni nyingi kutoka upande wake wa ua, taa ya jirani ikiwaka, watu wawili juu ya sahani moja. Kila jioni Ildephonse alichukua kichwa, akaingiza kidole gumba chini ya jicho, akatoa shavu zima, na kabla hajala chochote akaliweka upande wa mke wake. Félicité sasa aliingiza gumba chini ya jicho, akatoa shavu, kipande kisichozidi kipande cha shilingi, akaliweka kwenye ukingo wa bakuli la lengalenga. Alingoja.

Pélagie alilitazama. Alimfikiria bibi yake, na maziwa yanayojua. Halafu akalichukua kwa vidole viwili na kulitia mdomoni haraka, kama dawa.

Chumvi ilimpiga mpaka kwenye masikio. Na ndani ya ile chumvi, kama mtu aliyesimama mlangoni na barua iliyochelewa, ikaja asubuhi: beseni, limau, simu begani, buti.

"Nilitia asubuhi," alisema polepole.

"Asubuhi uliweka?"

"Viwili. Ili asiharibike. Na jioni tena viwili."

"Njo vine."

"Vine."

"Na kaye yako haikusema kitu?"

"Kaye haikujua," alisema Pélagie, na hapo Félicité alilazimika kushikilia kiti kwa kicheko.

Pélagie alinyoosha mkono aiondoe sahani. Alisema atampikia yai, atamletea maharage, chochote. Félicité alimpiga kofi dogo kwenye kifundo cha mkono.

"Acha. Samaki ya namna hii inahitaji tu bugali mingi. Funua."

Akafunua mwenyewe. Ugali ulikuwa mkubwa, kwa sababu mkono wa Pélagie umezoea kupikia nyumba nzima hata siku ambayo nyumba haina watu. Félicité alikata tonge la mtu anayerudi shambani, akalibonyeza katikati, akabandika kijipande cha samaki kisichozidi ukucha, akala. Akakata lingine. Alieleza, huku anatafuna, kwamba mwaka mmoja Ildephonse alisahau samaki ndani ya chumvi siku nne na walimla hivihivi, kwa kumdanganya kwa ugali, na walikunywa maji usiku kucha kama ng'ombe wa Bijombo. Aliomba maji. Alikunywa kikombe kizima, akala matonge mengine matatu. Pélagie aliacha kuhesabu, akaanza kula pamoja naye katika sahani hiyohiyo, tonge kubwa, samaki kidogo, kwa sababu mwenzake hakula mpaka na yeye ale.

"Unasikia nini?" Félicité alimuuliza.

"Chumvi. Samaki yenyewe sijaisikia bado."

"Basi utaisikia Jumamosi. Minye nitakusimamia."

Chérie aliporudi saa mbili, aliwakuta wamekaa na kitambaa kitupu katikati yao na jagi la maji limekwisha. Alitazama mfupa, akamtazama mama yake, akauliza nani amekula.

Kufika Jumamosi mwezi ulikuwa unachelewa kuchomoza, na mitumbwi michache ilikuwa imeanza tena kutoka na taa. Emery alivuka mpaka asubuhi na kufika saa tano, na begi tupu kubwa la kubebea nguo za mama yake. Hakumkuta kwake. Alimkuta jikoni kwa jirani, kwenye kigoda, akimgombeza Pélagie kwamba makala ya juu yamezidi ya chini, wakati Bonaventure, aliyerudi na buti zake, amepewa kazi ya kuosha vikokoto.

Emery alisalimia, akaketi, akangoja nafasi. Alisema kwa upole kwamba gari lipo, kwamba mkewe ameandaa chumba. Félicité alimsikiliza mpaka mwisho.

"Siwezi kuenda, mwanangu," alisema. "Iko mutu hapa anapika samaki miaka makumi mbili na moja, na hajue hata iko na ladha gani. Nikimwacha hivi, siku moja nitamwambia baba yako nini?"

Emery alimtazama Pélagie. Pélagie alitazama sufuria. Emery aliuliza masomo hayo yatachukua muda gani, na mama yake akasema ni vigumu kujua, mwanafunzi ana kichwa kigumu, anapenda kuandika tu. Kijana aliona mashavu ya mama yake, akaona jinsi anavyonyoosha shingo kukagua jicho la samaki kila mara kifuniko kinapoinuliwa. Alilisukuma begi kwa mguu mpaka nyuma ya mlango, akauliza kama amehesabiwa kwenye chakula.

Walikula watano uani. Chumvi ilitiwa mara moja, mbele ya mashahidi. Félicité alichukua kichwa, akatoa shavu, akaliweka kwenye sahani ya Pélagie, na wote wakamtazama, hata Chérie. Pélagie alitafuna kwa uangalifu, macho chini, kama anayesoma jina kwa mara ya tatu. Akameza. Akafikiri.

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumuudhi mwalimu wake, kwamba labda chumvi imepungua kidogo.